Nani Anarithi Mji wa Kazi?

Makaa ya mawe ya Kiwira yalikuwa na njia zake. Yalichimbwa chini ya vilima vya Ileje, yakapakiwa kwenye malori, mengine yakashushwa Songwe kwenye kiwanda cha saruji cha Mbeya, mengine yakaendelea na barabara kuu hadi Mufindi kuchomwa katika boila za kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Mgodi ulikuwa Mkoa wa Mbeya wa wakati huo, kiwanda kilikuwa Mkoa wa Iringa, na vyote viwili vilikuwa mali ya umma. Kiwanda kilianza kutoa karatasi mwaka 1985. Mgodi ulikabidhiwa serikali na wajenzi wake Wachina mwaka 1988. Kila kimoja kilikuja na kota za wafanyakazi na huduma zake, na kila kimoja kilivuta watu kutoka wilaya za mbali ambao hawakuwahi kuonana. Kiwanda kikasimama katika miaka ya 1990, mgodi ukasimama kabla ya mwaka 2010. Watu wakabaki.

Ninaandika kwa ajili ya hao waliobaki. Mara nyingi tunapozungumzia kiwanda kilichofungwa tunahesabu mashine, madeni na tani ambazo hazikuzalishwa. Hatuulizi nyumba ni ya nani siku mshahara unapokoma, wala mtoto aliyezaliwa kota ni wa kijiji gani, wala mjane wa fundi mitambo aende wapi. Maswali hayo yameulizwa kwingine pia, Katanga na Scotland, Webuye na Kilembe, na kila mahali yamejibiwa kwa namna yake. Nikiyaweka majibu hayo pamoja, naona kwamba lililofikiriwa kwa kina zaidi halikutoka kwenye kampuni yoyote. Lilitoka Rungwe, kwa Wanyakyusa, waliokuwa wakianzisha makazi mapya na kuyarithisha kwa utaratibu kabla mgodi wa kwanza haujafunguliwa katika nchi yao.

Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na Monica akachapisha kitabu chake cha kwanza juu yao, Good Company, mwaka 1951. Kilichowashangaza ni vijiji vya rika. Katika makabila mengi jirani, kijiji ni ukoo: babu, wanawe, wake zao na wajukuu. Kwa Wanyakyusa, mvulana wa miaka kumi hivi aliacha kulala nyumbani kwa baba yake. Yeye na wenzake wa umri wake walijenga vibanda pembezoni mwa kijiji cha wazazi, wakalala huko, wakarudi kwa mama zao kula, na hata kula kwenyewe walikula kwa kundi, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Walipooa, wake zao walikuja kwenye vibanda hivyo, vibanda vikawa nyumba, na kambi ya wavulana ikawa kijiji kamili. Majirani hawakuwa ndugu wa damu. Walikuwa watu waliokua pamoja, wakala pamoja na kuchunga pamoja, na wazee waliwafundisha kwamba kukaa vizuri na mwenzako ni wajibu kama ulivyo wajibu kwa baba yako.

Hadi hapo kijiji cha rika kinafanana na mji wa kiwanda kwa jambo moja kubwa: ni makazi ya wasio ndugu wanaolingana umri. Anayekumbuka kota za mashirika ya umma katika miaka ya 1980 anajua zilivyojaa vijana. Fundi wa miaka 25, mkewe wa miaka 20, mtoto mchanga mmoja. Nyumba ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Wazee hawakuwepo. Makaburi hayakuwepo pia, kwa sababu aliyefariki alisafirishwa kwao.

Lakini Wanyakyusa walikuwa na jambo la pili ambalo miji ya kazi haikuwa nalo. Mara moja katika kizazi, wana wa chifu na wenzao walipokuwa wamekomaa, ilifanyika sherehe ya ubusoka. Moto wa zamani ulizimwa, ukawashwa mpya kwa kupekecha, na kila nyumba ikachukua moto kutoka hapo. Miti ilipandwa. Viongozi wapya wa vijiji walitangazwa mbele ya watu wote. Na jambo kubwa kuliko yote, wazee walisogea. Waliachia ardhi na mamlaka, wakahamia upande, ili vijana wawe na mahali pa kulima na sauti ya kuamua. Kijiji kilianzishwa huku kila mtu akijua kwamba siku ya kukabidhi ingefika, na kwamba siku hiyo ingefanywa hadharani.

Sitaki kuupamba mfumo huo kupita kiasi. Simon Charsley, katika kitabu chake cha 1969 juu ya watawala wa Wanyakyusa, alitilia shaka kama mfumo ulikuwa wa kale na wa kila mahali kama Wilson alivyouchora. Mwanamke hakukabidhiwa kitu katika ubusoka; aliolewa akaja kwenye kijiji cha mumewe, na mumewe akifa alirithiwa pamoja na mji wake. Hata wakati Wilson anaandika, mfumo ulikuwa umeanza kulegea. Kahawa ilikuwa imefika Rungwe, na mwenye mibuni hataki kusogea ili kumpisha kijana, kwa sababu mbuni haufungwi kwenye mzigo ukahamishwa. Zaidi ya hapo kulikuwa na dhahabu.

Dhahabu ya Lupa, kaskazini mwa Mbeya, iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mji wa Mbeya wenyewe, ulioanzishwa mwaka 1927, ulikua kwa kuuzia mahitaji wachimbaji waliokuwa wakielekea huko. Katika miaka ya 1930 Chunya ikajaa: wachimbaji wadogo wa Kizungu, wafanyabiashara wa Kihindi, na maelfu ya vibarua Waafrika. Vijana wa Kinyakyusa walivuka milima kwa miguu kwenda Lupa, wengine wakapitiliza hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Walichotafuta kwanza ni fedha ya kununua ng'ombe wa mahari. Zamani ng'ombe hao walikuwa wa baba, na kijana alisubiri mpaka baba aamue. Mshahara wa Lupa ulimwondolea kungoja. Ulimwondolea pia sababu moja ya kumsikiliza baba. Mgodi ulianza kubomoa kijiji cha rika hata kabla haujajenga mji wowote wa kudumu.

Na Chunya haukudumu kama ilivyotarajiwa. Mgodi mkubwa wa New Saza, magharibi mwa mji, ulifungwa mwaka 1956. Wenye kampuni waliondoka, wenye maduka wakawafuata. Hakuna aliyekabidhi chochote kwa yeyote. Waliobaki walijitafutia: wengine walichekecha mchanga wa mtoni, wengine baadaye walishika tumbaku, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyoilisha wilaya ile. Dhahabu imerudi kwa nguvu siku hizi, soko lake likafunguliwa Chunya mwaka 2019, na Makongolosi na Matundasi zimejaa tena wachimbaji, wauza chakula, mafundi wa karasha na mama wenye watoto mgongoni. Nitarudi kwa watu hao mwishoni, kwa sababu kwao muda bado upo.

Tofauti kati ya Chunya ya wakoloni na miji ya mashirika ya umma ni kwamba hii ya pili ilijengwa kwa nia njema. Hilo lisemwe wazi. Mgololo haukujengwa na mtu aliyetaka kuchuma na kukimbia. Misitu ya Sao Hill ilianza kupandwa mwaka 1939 na ikapanuliwa sana baada ya uhuru, hekta kwa hekta za misindano na milingoti, na wazo la kuigeuza kuwa karatasi lilikuwa wazo la nchi inayotaka kuchapa madaftari ya watoto wake yenyewe. Benki ya Dunia na wafadhili wa Ulaya na nchi za Kiarabu walichangia fedha. Kiwanda kilibuniwa kutoa tani 60,000 kwa mwaka. Hakikuzifikia kwa uzalishaji wa kudumu. Kilikuwa mbali na soko, kilihitaji vipuri vya fedha za kigeni katika miaka ambayo nchi haikuwa nazo, na kilizinduliwa wakati mfumo wa uchumi uliokizaa unakaribia kuachwa. Kiwira nao, wenye uwezo wa tani 150,000 kwa mwaka na mitambo yake ya umeme wa megawati 6, uliishi chini ya uwezo huo na kutegemea wateja wachache. Mteja mmoja akisimama, mgodi nao ulitikisika.

Katika miji hiyo maisha yalikuwa na mpangilio ambao waliokulia humo wanausimulia kwa upendo, na sioni sababu ya kuwadharau. King'ora kiligawa siku. Zahanati ilikuwa ya bure, gari la wagonjwa lilikuwepo, timu ya mpira ilikuwa na jezi. Mwalimu alikaa jirani na fundi umeme, fundi umeme jirani na karani, Mhehe na Mbena na Mndali na Mkinga ukuta kwa ukuta. Watoto wao walikua wakisema Kiswahili peke yake. Hii ndiyo iliyokuwa ndoto ya taifa, na ilitimia zaidi katika mitaa michache kama hiyo kuliko ilivyotimia katika vijiji vingi vya ujamaa.

Ila nyumba ilikuwa ya kazi. Aliyestaafu alifungasha. Aliyefukuzwa alifungasha. Mume akifa, mjane alipewa muda, kisha naye akafungasha. Bustani aliyoitunza miaka kumi na mti wa parachichi alioupanda vilibaki kwa familia iliyofuata. Kwa hiyo watu wengi wenye akili walifanya jambo ambalo lilionekana ni ukosefu wa uaminifu kwa shirika: walijenga kwao. Kila likizo ilipeleka mabati Makete, Kyela, Ludewa au Mbozi. Mji wa kazi ulikuwa mahali pa kuchuma, na nyumbani kulikuwa kwingine. Wale ambao hawakuwa na kwao, au waliokata uhusiano, au waliozaa watoto ambao hawakujua kwao ni wapi, ndio waliokamatwa na ubinafsishaji wakiwa hawana pa kusogea.

Ubinafsishaji ulipokuja, chini ya tume ya rais ya kurekebisha mashirika ya umma, ulikuwa na lugha ya mali na madeni. Orodha zilitaja mashine, majengo na magari. Kota ziliingia kwenye orodha kama majengo. Mgololo uliuzwa kwa kundi la Rai la Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukafufuliwa kwa jina la Mufindi Paper Mills, na leo unatoa karatasi ngumu za vifungashio kwa idadi ya wafanyakazi na masharti yaliyo tofauti na yale ya awali. Kiwira ulibinafsishwa mwaka 2005, uzalishaji ukafa miaka michache baadaye, wafanyakazi wakadai mishahara na mafao yao kwa miaka, na hatimaye mgodi ukarudi mikononi mwa STAMICO, shirika la madini la taifa, ambalo siku hizi linayageuza makaa yake kuwa nishati ya kupikia. Katika safari zote hizo za umiliki, kutoka serikali kwenda mwekezaji na kurudi serikali, aliyekuwa amelala ndani ya nyumba hakuwa upande wowote wa mkataba.

Hapa ndipo Katanga, nchini Kongo, inapotufaa, maana huko jambo hili lilipitiwa kwa Kiswahili pia, na kwa ukubwa ambao sisi hatukuufikia. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyoanzishwa mwaka 1906, mwanzoni ilichukua vibarua wa muda mfupi kama walivyofanya wengine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadili mwendo: ikataka mfanyakazi aje na mke, azae kambini, na wanawe warithi kazi yake. Ikatoa nyumba, posho, shule, hospitali ya uzazi, mafunzo ya ushoni na upishi kwa wake. Ikapanga hata mgao wa unga kwa hesabu ya watoto. Ilipotaifishwa mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, malezi hayo yaliendelea. Kampuni ikawa baba na mama, ndivyo watu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi walivyoisema wenyewe.

Baba huyo akazeeka vibaya. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, na katika muongo uliofuata, kwa wizi, vita na kukosa vipuri, uzalishaji ulishuka hadi sehemu ndogo sana ya ule wa awali. Mishahara ilicheleweshwa miezi kwa miezi. Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, katika kitabu chake cha 2001, aliwaita watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Wachoraji wa Lubumbashi walikuwa wamekwisha kulichora bomba la moshi na kilima cheusi cha mabaki ya shaba kwa ajili ya kuta za sebule za watu wa kawaida, nao wanunuzi walizitundika picha hizo kama watu wengine wanavyotundika picha ya babu.

Ninachokitafuta Katanga hakimo katika kampuni. Kimo katika jambo lililozaliwa kambini bila kampuni kuliagiza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, karibu na Kolwezi, wachimbaji na wake zao walianza kukutana na padri Placide Tempels, Mfransisko wa Kibelgiji, na mikutano hiyo ikawa vuguvugu la Jamaa. Waliingia wawili wawili, mume na mke pamoja, wakajifunza kwa kuzungumza usiku kwa usiku. Watu waliotolewa vijiji mbalimbali na kupangwa kwa mistari ya nyumba walijiundia undugu ambao haukutoka kwa damu wala kwa mwajiri. Maaskofu baadaye waliogopa uhuru wake na kulibana. Hata hivyo lilionyesha kwamba kambi inaweza kujizalia jamii, na kwamba pale ambapo mke alikuwa mwanachama kwa haki yake, kifungo cha jirani kilikuwa imara zaidi. Nikiweka Jamaa kando ya ubusoka naona kila moja likiziba pengo la jingine. Rungwe walijua kukabidhi ardhi lakini walimwacha mwanamke nje. Kolwezi walimwingiza mwanamke ndani, lakini hawakuwa na ardhi ya kumkabidhi yeyote.

Nyumba za Gécamines nyingi ziliuzwa kwa waliokuwa wakiishi humo, kama zilivyouzwa zile za kampuni ya taifa ya migodi ya Zambia katika miaka ya 1990. Mchimbaji aliyepoteza kazi Kitwe au Luanshya angalau aligeuka mwenye nyumba. Wengi walipangisha vyumba, wakajenga mabanda ya biashara uani, wakafuga kuku. Si malipo ya haki kwa maisha yaliyokatizwa, na nyumba nyingi zilikuwa zimechakaa. Lakini aliyepata karatasi ya umiliki alikuwa na pa kuanzia, na tofauti yake na mtu wa kota asiye na karatasi ni kubwa kuliko tofauti ya mshahara waliyokuwa nayo kazini.

Uingereza wanakotajwa sana waasisi wa miji ya namna hii, jibu lilikuja kwa njia ndefu zaidi. New Lanark, kando ya mto Clyde huko Scotland, ilianza mwaka 1785 kama kiwanda cha kusokota pamba. Robert Owen aliposhika uongozi mwaka 1800 alipunguza kazi za watoto, akafungua shule, akaanzisha duka la bei nafuu ambalo wanaushirika wa dunia nzima wanalitaja hadi leo. Watu wapatao 2,500 waliishi pale wakati wa kilele. Owen mwenyewe aliondoka katika miaka ya 1820. Kiwanda kilifungwa mwaka 1968. Kijiji kilikuwa kinaelekea kuwa gofu, kikaokolewa na wadhamini wa ndani walioikarabati nyumba moja baada ya nyingine, watu wakiendelea kuishi humo, hadi UNESCO ikakiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Nakubali kwamba Scotland ilikuwa na fedha ambazo Ileje haina. Lakini fedha zilikuja baada ya kuwepo chombo chenye jina na saini, kinachosema kijiji hiki ni dhamana yetu. Bila chombo, fedha hazina mlango wa kuingilia.

Mifano ya jirani inauma zaidi, kwa kuwa inafanana na yetu hadi kwenye jina la mnunuzi. Webuye, magharibi mwa Kenya, ilikuwa mji wa Pan African Paper Mills tangu miaka ya 1970. Wakazi walilalamika miaka yote kwamba moshi wa kiwanda unakula mabati yao. Mwaka 2009 kiwanda kikafungwa, na walewale wakaomba moshi urudi, maana maduka yalifunga na wapangaji walihama. Mwaka 2016 kundi la Rai likakinunua, kama lilivyokuwa limenunua Mgololo. Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori nchini Uganda, kulichimbwa shaba kuanzia mwaka 1956, reli ikafikishwa Kasese kwa ajili yake; uchimbaji ukakoma mwaka 1982 na nyumba za wachimbaji zikabaki na watu bondeni. Mafuriko ya mto Nyamwamba ya Mei 2013 yalizibomoa nyingi. Nyumba isiyo na mwenyewe anayetambulika haijengewi ukuta wa kuzuia mto.

Nikirudi Nyanda za Juu Kusini, sitaki msomaji adhani kwamba wakazi wamekaa wakisubiri. Mufindi imejifunza somo lililo kinyume kabisa na la kiwanda. Mkulima wa kawaida, mwalimu, muuguzi, hata bodaboda wa Mafinga, amepanda miti. Ekari moja, mbili, tano. Mbao zinasafirishwa hadi Dar es Salaam na Nairobi, nguzo za umeme zinatoka humo humo, na mji wa Mafinga, uliojulikana zamani kwa jina la John's Corner, umekua zaidi kwa jasho la wenye mashamba madogo kuliko ulivyokua kwa shirika lolote. Mti una sifa ambayo mshahara hauna: unapandwa na mzazi akijua atakayevuna ni mwanawe. Wakati wa mvua, wanawake wa Iringa na Njombe huuza ulanzi, na kwa ulanzi huo wengine wamenunua viwanja. Makanisa, vikoba na vikundi vya kuzikana vimekuwa ndiyo serikali ya mitaa ya watu wasio ndugu. Hata makaburi yapo sasa. Mtu akizikwa mahali, watoto wake hawahami kirahisi.

Kikwazo ni ardhi. Kijiji jirani kina halmashauri yake chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na mwanakijiji anaweza kuomba kipande. Eneo la mgodi au kiwanda lina hati nyingine, na aliyezaliwa ndani yake anaweza kuwa si mwanakijiji wa upande huu wala mpangaji wa upande ule. Baba yake alikuja kwa mwito wa taifa. Mtoto hana pa kuandikwa. Wanaosema kwamba watu wa kota walipewa kila kitu bure na sasa wanataka zaidi wakumbuke kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliwauzia watumishi wake nyumba za umma mijini kwa bei na masharti nafuu. Lililowezekana kwa ofisa wa Oysterbay, Dar es Salaam, lingewezekana kwa fundi wa Kiwira.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Wawekezaji wa kikoloni hawakuona sababu ya kukabidhi. Waasisi wenye huruma, wa Scotland na wa Katanga, walilea bila kukabidhi. Na sisi, tuliokuwa na nia iliyo bora kuliko wote, tulirithi mchoro wa nyumba za kazi kutoka kwao badala ya kuuliza wazee wa Rungwe makazi ya wasio ndugu huendelezwaje kizazi cha pili. Tungeuliza, wangetuambia tuanze na siku ya mwisho: nani atapisha, nani atapokea, na mashahidi ni nani. Na binti zetu wangelazimika kuongeza kwamba safari hii wapokeaji ni pamoja na wao.

Kiwira inatafutiwa uhai mpya. Chunya inachimbwa usiku na mchana, na kampuni kubwa zinapima miamba ya Lupa. Kila mkataba mpya unazungumzia mrabaha, ajira na mazingira. Naomba uongezewe makazi: nyumba zinazojengwa kwa ajili ya wafanyakazi ziwe na ratiba ya kuuzwa kwa wakaao humo, kwa majina ya mume na mke wote wawili, na ardhi ya makazi hayo ikabidhiwe kwa kijiji au mamlaka ya mji kwa tarehe iliyoandikwa tangu siku ya kwanza. Na kwa waliokwisha achwa, Ileje na kwingineko, halmashauri zianze kwa kuwapimia viwanja pale pale walipo. Madiwani na wabunge wa Chunya, Ileje na Mufindi wanaweza kulidai hilo kabla ya leseni inayofuata kusainiwa, na wewe mkazi unaweza kuwauliza kwenye mkutano wa hadhara ujao.